Nani aliyekuambia? Mganga wa ramli katika mizani ya habari

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Waislamu, masheikh wengi wamekwishamzungumzia mganga wa ramli kwa upande wa shirki, na walilosema ni haki. Leo tumtazame kwa upande mwingine, yaani kama mtoa habari. Katika mikoa yetu ya Geita, Shinyanga na Mwanza, kuna jamaa ambazo likitokea jambo, huyu ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa nini duara halitoi dhahabu? Nani amemroga mtoto? Naye hujibu, tena pengine kwa kutaja jina.

Majibu hayo yameua. Vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu, hali ambayo huletwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe waliovuta jikoni miaka yote ya kuwalea hao hao wanaowaua. Tangu mwaka 2007 ukazuka uwindaji wa watu wenye ualbino, kwa uvumi kwamba viungo vyao huvuta utajiri wa machimbo na uvuvi. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya ambayo leo imo katika Mkoa wa Geita. Ramli ikapigwa marufuku tena Januari 2015. Hata hivyo, mwaka 2024 aliuawa mtoto mwingine, wa umri wa miaka miwili tu, wilayani Muleba.

Basi marufuku peke yake haitoshi, maana anayekatazwa ni msemaji, ilhali msikilizaji amebaki vile vile. Msikilizaji huyu Qur'an imemsemesha waziwazi. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Waumini wanaamrishwa kuichunguza habari inayoletwa na fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta.

Wanavyuoni wa hadithi waliifanya amri hiyo kuwa elimu. Hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza: umeyapokea kwa nani? Mlikutana? Ni mkweli? Hifadhi yake ikoje? Mpokezi asiyejulikana waliiweka kando riwaya yake, hata akiwa mmoja tu katika mlolongo mrefu.

Sasa ichukue kauli inayozagaa kwetu, kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka. Nani aliyeona? Utaambiwa "inasemekana", na huyo Inasemekana hana baba wala kijiji. Ajabu ni kwamba wapo waliofukua makaburi ya watu hao kutafuta mifupa. Aliyetoweka ana kaburi gani?

Mganga naye akibanwa husema ameambiwa na majini. Tuulize basi, majini yamejuaje? Surat Saba, aya ya 14, inatueleza kwamba Nabii Suleiman (AS) alikufa akiwa ameegemea fimbo yake, na majini yakaendelea na kazi ngumu yakidhani yu hai, mpaka mdudu alipoila fimbo akaanguka. Yalikuwa yakimtumikia na hayakujua kwamba amekufa. Hayo ndiyo yajue aliyeloga duara lililoko porini?

Bi Aisha (RA) alipozuliwa uongo, Mtume (SAW) hakuhukumu kwa yaliyokuwa yakisemwa mjini. Aliwauliza waliomjua kwa karibu, kisha akamwendea mwenyewe akasema naye.

Kijana mmoja mchimbaji alinifuata baada ya sala ya Ijumaa, hapa Kalangalala, akasema amethibitisha kwamba shangazi yake ndiye aliyefunga duara lake. Nikamuuliza amethibitishiwa na nani. Akasema mtaalamu. Je, mtaalamu huyo anamfahamu shangazi? Hapana. Amewahi kufika kwenye duara? Hapana. Umemlipa? Ndiyo, na bado anadai mbuzi. Na shangazi mwenyewe umemuuliza?

Alinyamaza kidogo. Hakuwa amefika kwake tangu Idi.

Wallahu a'lam.