ALIYEANGUKA BADO YUMO MASHINDANONI



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, mwaka huu nawaletea mfano kutoka mahali ambapo wengi wenu hamkutarajia, nao ni mashindano ya kukwea kuta.

Mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Tokyo, mwaka 2021. Tawi lake moja ni kukwea kuta fupi bila kamba. Ukutani hufungwa vishikizo, chini hutandikwa magodoro mazito, na kila njia ni fumbo jipya ambalo mshindani hajawahi kulijaribu. Katika fainali, washindani hupewa dakika 2 kwa kila fumbo kulitazama kutoka chini, na hapo huruhusiwa hata kushauriana. Kisha kila mmoja hupewa dakika 4. Akianguka huinuka akajaribu tena, mpaka dakika zake ziishe.

Katika fainali ya wanawake ya Tokyo, Agosti 6, 2021, walikuwapo washindani 8 na mafumbo 3. Janja Garnbret wa Slovenia alifika juu katika mafumbo 2. Wenzake 7 hawakufika juu hata katika moja. Fumbo la tatu lilimshinda yeye pia, na bado ndiye aliyeondoka na dhahabu. Mjini Paris, Agosti 2024, katika mafumbo 4 moja lilimshinda tena. Alipojumlishiwa na alama za kukwea ukuta mrefu kwa kamba, dhahabu ikawa yake mara ya pili.

Sasa tazameni hesabu ya majaji wa Paris. Kufika juu kulikuwa na alama 25, na kila jaribio lililoshindikana lilipunguza alama 0.1 tu. Yaani aliyeanguka mara 5, kisha akafika juu, alibaki na alama 24.5!

Je, sisi majumbani na madrasani tunahesabu hivyo? Mtoto anasimama siku ya Maulidi mbele ya watu, aya inampotea, ukumbi unacheka. Akifika nyumbani anaulizwa kwa nini ameaibisha familia. Wiki inayofuata haonekani darasani. Nimewaona wanafunzi walioacha kuhifadhi kwa namna hii, na vichwa vyao havikuwa vizito hata kidogo. Sisi tuliwapunguzia alama zote 25 kwa kosa moja.

Ipo aina nyingine ya mchezo huu, mbio za kupanda ukuta wa mita 15. Oktoba 2019, huko Xiamen, China, Aries Susanti Rahayu, binti wa Kiislamu kutoka Indonesia, aliupanda kwa sekunde 6.995 akiwa na hijabu yake, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya sekunde 7. Katika mbio hizo kuteleza mara moja kwaweza kukunyima ushindi. Ni sifa kubwa kwake, lakini kuhifadhi Qur'an si mbio za sekunde. Hata katika mashindano ya tahfidh, msomaji akikosea jaji humpigia kengele, humpa nafasi ya kujirekebisha, na humpunguzia alama chache. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayeisoma Qur'an kwa kutatizika na uzito ana malipo mawili. Basi nani ametupa sisi ruhusa ya kumcheka?

Rai yangu ni hii. Walimu tumwache mtoto aianze aya upya, mara tatu au nne, bila kumkatiza. Wanafunzi, kabla ya kusimama sikilizaneni wawili wawili, kama wale wapinzani wanaoshauriana chini ya ukuta. Nanyi wazazi wa Kitendaguro, mtoto akirudi nyumbani msimuulize tu amekuwa wa ngapi. Muulizeni: "Ulipokosea, ulianza tena?" Akijibu ndiyo, mpongezeni.

Wabillahi tawfiq.