Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mara nyingi methali hii huambiwa mtu aliyechelewa karamuni akakuta sinia tupu, na watu wakacheka. Lakini, ndugu msomaji, wapo wenzetu vijijini na mitaani ambao methali hii huwapata mwaka hadi mwaka, wala hapana anayecheka. Hao ni wazazi, na hasa akina mama, wanaolea watoto wenye ulemavu mkubwa. Leo napenda tuzungumze juu ya misaada iliyowekwa kwa ajili ya wenye shida, na kwa nini misaada hiyo huifikia nyumba moja ikaipita nyumba ya pili, ilhali watoto wa nyumba zote mbili wana shida ile ile.

Tuwafikirie akina mama wawili wa kijiji kimoja. Kila mmoja ana mtoto wa miaka minane mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kutembea wala kula bila kulishwa. Mama wa kwanza anakaa karibu na ofisi ya kijiji, mumewe ni mwalimu, na mama mkwe wake yupo nyumbani kumshika mtoto. Mama wa pili yuko peke yake. Mumewe aliondoka mtoto alipotimiza mwaka mmoja, na nyumba yao iko mbali na barabara. Mtu yeyote mwenye busara angesema kuwa huyu wa pili ndiye wa kufikiwa kwanza. Katika hali halisi, aghalabu huwa kinyume. Wala si lazima pawe na mtu mbaya aliyemdhulumu. Tatizo ni kwamba misaada imewekwa nyuma ya milango ambayo mama huyu hawezi kuipita.

Mlango wa kwanza ni mkutano. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na TASAF, ulipoanza mwaka 2012, majina ya kaya zinazostahili yalitajwa na wananchi wenyewe mkutanoni, kaya hizo zikahojiwa, kisha orodha ikarudishwa mbele ya mkutano ili ithibitishwe. Utaratibu huo ulikuwa na maana njema, kwani kiongozi asingeweza kuwaandika jamaa zake gizani. Hata hivyo, mama asiyekuwa na mtu wa kumwachia mtoto hafiki mkutanoni. Na mtoto anayefichwa chumbani kwa aibu, nani atamtaja? Mkutano hauwezi kumwandika mtu usiyemjua.

Mlango wa pili ni shule. Katika mpango huo huo, sehemu ya fedha ilitegemea watoto wa kaya kuhudhuria shule na kliniki. Nia ilikuwa kuwahimiza wazazi wasomeshe, nasi tunaiunga mkono. Lakini mtoto asiyekuwa na kiti cha magurudumu, ambaye shule iliyo karibu naye haina mwalimu wa kumfundisha wala choo anachoweza kukitumia, hawezi kuiletea nyumba yake fungu hilo. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 nayo haimfai mtoto ambaye hakufika darasani. Serikali iliiona kasoro hiyo, na katika kipindi cha pili cha mpango, kilichozinduliwa Februari 2020, kaya zenye mtu mwenye ulemavu ziliwekewa ruzuku yao. Hiyo ni hatua ya kusifiwa. Lakini ruzuku hiyo ilihitaji kwanza kaya iwe imeandikwa, nasi tumekwisha kuona ni nani aliyekosa kuandikwa.

Jambo kama hilo lilitokea katika bima ya Toto Afya Kadi, iliyolipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, ikaelekezwa watoto waandikishwe kupitia shule zao. Yamkini walioamua hivyo hawakumkusudia mtu ubaya, maana waliona wazazi wengi wakingoja mpaka mtoto augue ndipo wamkatie kadi. Lakini kwa mtoto asiyesoma, kwa sababu ya ule ulemavu wake, mlango ulifungwa pale alipohitaji sana kupita.

Mlango wa tatu ni ajira. Mtumishi wa umma hukatwa sehemu ya mshahara, mwajiri naye huchangia, na kadi ya bima humhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wao. Kwa hiyo mtoto wa mwalimu wetu hupata daktari na mazoezi ya viungo. Mtoto wa jirani hupata mazoezi hayo siku mama anapouza kuku. Ni matumaini yetu kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, itaziba pengo hilo, iwapo itaanza na watu wa namna hii badala ya kumalizia nao.

Si sisi peke yetu wenye tatizo hili. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 2011 kuzilipa fedha kaya maskini zenye watu wenye ulemavu mkubwa, na anayepokea ni yule anayemtunza. Hapo ulemavu wenyewe ndio unaofungua mlango, na jambo hilo linafaa kuigwa. Lakini malipo yalihesabiwa kwa kaya. Mama mwenye watoto wawili wa namna hiyo amepokea sawa na mwenye mmoja, kana kwamba mtoto wa pili halishwi wala hanawishwi.

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na mwaka uliofuata nchi yetu ilitunga sheria ya matunzo yao. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyoweka kamati zao hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwa hiyo sheria tunazo. Swali ni hili: kamati ya kijiji chako, ndugu msomaji, ilikutana lini? Na ilipokutana, je, ilipita nyumba kwa nyumba, au ilingoja watu ofisini?

Balozi wa nyumba kumi anazijua nyumba zake. Anajua ni wapi kuna msiba na ni wapi pana mgeni. Hashindwi kujua ni wapi pana mtoto asiyeonekana nje. Na ailete orodha yake kabla mkutano haujaitishwa, bila kungoja mama abebe mtoto wa miaka minane mgongoni kwenda kujieleza mbele ya watu.

Nawe mama uliyekwisha kuandikwa, usimfiche mwenzio njia. Najua hofu iliyopo, kwamba fungu ni dogo na kila jina jipya ni mkono mmoja zaidi sahanini. Lakini wewe ndiye unayejua ni karatasi ipi inayotakiwa, daktari yupi wa kumwona, na siku gani ofisi huwa wazi. Mwenzio akipata maneno hayo matatu kwako, umemwokolea nauli ya safari tatu.

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Walieleza hali ilivyo. Sisi tunajua kwa nini mama huyu hakuwapo. Basi na tumfuate aliko, ili lake liwepo.