Atakayebadili Nafasi Abadili na Maneno

Mwigizaji akipewa nafasi mpya huanza kwa kuiacha ya zamani. Aliyekuwa mtwana katika onyesho la jana, leo akivikwa taji, hana budi kubadili mwendo, sauti na maneno. La sivyo, watazamaji watamzomea. Yanishangaza kwamba sharti hili dogo la jukwaani hatuwatozi wanasiasa wetu wa Kitui na Makueni.

Wapo wanaomwita kinyonga kila kiongozi anayehama nafasi. Mimi sikubaliani nao. Bi Charity Ngilu aliingia Bungeni mwaka 1992 akiwa mpinzani, akawania urais 1997, akawa Waziri wa Afya 2003, na gavana wa Kitui 2017. Huko Makueni, Julai 2013, Bi Kethi Kilonzo alizuiwa kugombea useneta kwa sababu ya usajili wake wa kura. Nduguye, Mutula Kilonzo Junior, akaishika nafasi hiyo siku chache kabla ya uchaguzi, akashinda. Mwaka 2022 akawa gavana. Kubadili nafasi si dhambi. Dhambi ni kuingia nafasi mpya na maneno ya kale.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Profesa Kivutha Kibwana, mwanasheria aliyewahi kuandika tamthilia. Katika miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa sauti kuu za NCEC zilizodai katiba mpya. Alipokuwa gavana wa Makueni mwaka 2013, katiba hiyo ilimgeukia: mzozo baina yake na madiwani ukafikia risasi kufyatuliwa mjini Wote mwaka 2014, wakazi wakatia sahihi kuomba kaunti ivunjwe, na tume ikaundwa. Ni Rais Uhuru Kenyatta aliyekataa kuisimamisha kaunti, mwaka 2015. Baada ya hapo lawama zilipungua, kazi ikasikika; mwaka 2016 ukaanzishwa mpango wa matibabu wa kaunti, na mwaka 2017 wapiga kura wakamrudisha.

Hapo pana funzo, msomaji mpenzi. Mwanaharakati hudai; gavana hudaiwa. Seneta huuliza fedha zimekwendaje, gavana hujibu. Mwaka 2027 wengi watatujia na mavazi mapya. Tusiwaulize wametoka chama gani. Tuwaulize nafasi wanayoiomba ina kazi gani, kisha tusikilize kwa makini kama wamejifunza maneno yake. Mtazamaji silaha yake ni kuzomea tu. Sisi tuna kura.