Bayogesi kwenye mitungi: Hesabu ya chuma inamkataa mfugaji mdogo

WIKI chache zilizopita nilikaa na wafugaji wa kikundi kimoja cha maziwa wilayani Arumeru waliokuwa wameandaa andiko la mradi kwa ajili ya kuomba mkopo. Ni watu makini. Wanafuga ng'ombe wa kisasa zizini, karibu kila mmoja ana mtambo wa bayogesi wa kuba nyumbani, na gesi inawabakia. Walitaka kununua kompresa moja na mitungi mitupu 50 ya gesi ya kupikia, wajaze gesi yao ya samadi na kuiuza kwa mama lishe wa soko la Tengeru.

Niliwaomba waniachie andiko hilo kwa siku mbili. Majibu niliyowarudishia hayakuwafurahisha. Kwa kuwa swali hilo hilo nimekwisha kuulizwa na wafugaji wa sehemu nyingine, naona ni vyema nilieleze hapa kwa kirefu.

Si ajabu wazo hili linajitokeza sasa. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Mtu anayeona mitungi inagombaniwa kijijini, na nyuma ya nyumba yake kuna gesi inayovuja bure, lazima ajiulize: kwa nini na mimi nisijaze?

Jibu limo kwenye mtungi, wala si kwenye gesi.

Tuanze na ziada yenyewe

Ng'ombe wa kisasa anayefugwa ndani anaweza kukupa kilo 15 hivi za samadi inayokusanyika kwa siku. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa lita 40 hivi za gesi. Mwenye ng'ombe wanne, basi, anapata lita 2,400, yaani mita za ujazo 2.4. Familia ya watu sita inayopika kwa gesi hiyo asubuhi, mchana na jioni inatumia kama mita 1.6. Kinachobaki ni mita 0.8.

Mita moja ya ujazo ya bayogesi, ikiwa na methani asilimia 60, ina joto linalolingana na gesi ya dukani isiyofika nusu kilo. Tuseme gramu 450. Ziada ya mita 0.8 kwa siku, kwa mwezi mzima, ni sawa na kilo 11 hivi. Hiyo haijafika mitungi miwili midogo. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo chukua bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 dukani kwako, zidisha kwa mbili, na hapo ndipo yalipo mapato yako yote ya mwezi kabla hujatoa senti ya gharama. Kompresa, umeme, mitungi, usafiri na kibali vyote vitoke humo humo.

Wenzangu wa Arumeru walisema wao ni kikundi, si mtu mmoja. Ni kweli, lakini ziada zao zimetawanyika kwenye maboma yaliyo mbali, na kuba la nyumbani hutoa gesi kwa mgandamizo mdogo sana, unaolingana na kimo cha maji kisichozidi mita moja hivi. Gesi hiyo haisafiri mbali kwenye bomba.

Chuma ndiyo bei

Sasa tuingie kwenye mtungi wenyewe, ambao wengi wetu tunauona kila siku bila kuuchunguza.

Gesi ya kupikia ya dukani ni mchanganyiko wa propani na butani. Ukiikandamiza kidogo tu, kwa joto letu la kawaida, inageuka kuwa maji. Mtungi wa kilo 6 una nafasi ya lita 14 na ushei, na ndani yake gesi imelala ikiwa kimiminika. Kwa mchanganyiko wetu presha huwa ni ya bar chache tu, mara chache kufika bar 9, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 hivi. Tena presha hiyo haitegemei kiasi kilichobaki. Ukiwa na kilo 5 au kilo moja, ni ile ile mpaka kimiminika kiishe. (Ndiyo maana muuzaji anayekuonyesha kipimo cha presha kuthibitisha kwamba mtungi umejaa hakuonyeshi kitu. Dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo au kwenye mkono wake.)

Methani, ambayo ndiyo moto wa bayogesi, haina tabia hiyo. Hata uikandamize namna gani, haigeuki maji mpaka uipoze chini ya nyuzi 82 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwenye joto la Tengeru itabaki kuwa hewa tu.

Chukua mtungi ule ule wa kilo 6 na ujaze bayogesi kwa bar 8. Utakachoweza kukitoa tena ni lita 14.4 mara nane, yaani lita 115. Jiko la bayogesi la kawaida linakula lita 300 hivi kwa saa. Mteja wako amebeba mtungi mzito mpaka kibandani, amewasha, na baada ya dakika 23 moto umezimika. Maharage hata hayajaanza kulainika.

Mmoja wa wafugaji aliniambia: "Basi tuongeze presha." Hapo ndipo penye mtego, na naomba msomaji anifuate taratibu.

Wanaobuni matanki ya gesi wana kanuni moja ambayo hata fundi wa kuchomelea anaweza kuielewa. Presha ikiongezeka mara mbili, ukuta wa tanki lazima uwe mnene mara mbili. Tanki likiwa pana mara mbili kwa presha ile ile, ukuta pia lazima uwe mnene mara mbili. Ndiyo maana mitungi ya presha kubwa ni myembamba na mirefu, na ncha zake ni za mviringo. Umbo la tufe ndilo bora kuliko yote, kwani linahitaji nusu ya unene unaohitajiwa na bomba la upana huo huo. Hata matanki makubwa ya kulaza utakayoyaona kwenye maghala ya gesi Kigamboni hayana ncha bapa.

Pipa la mafuta la lita 200 lina vifuniko bapa. Ukijaza gesi humo kwa bar 8, kifuniko kimoja kinasukumwa kwa nguvu ya tani 20 hivi. Ni sawa na kuegesha lori zima lenye mzigo juu ya bati hilo. Nayasema haya kwa sababu pipa lilitajwa kwenye mazungumzo yetu, na aliyelitaja hakuwa anatania.

Kutokana na kanuni hiyo kuna jambo linaloumiza mfuko. Tuseme unataka kuhifadhi mita moja ya ujazo ya gesi isiyogeuka maji. Kwa bar 10 unahitaji tanki la lita 100 hivi. Kwa bar 20 utahitaji la lita 50, lakini ukuta wake utakuwa umeongezeka unene. Ukipima chuma kilichotumika kwenye matanki hayo mawili, uzito unakaribiana. Kuongeza presha kunakupunguzia nafasi, hakukupunguzii chuma. Kila kilo ya gesi inadai kilo zake za chuma, na hakuna ujanja wa kuzikwepa ila kununua chuma bora zaidi, ambacho bei yake unaijua.

Bajaji na magari ya Dar es Salaam yanayotumia gesi asilia ni mfano hai. Gesi hiyo nayo ni methani, na hushindiliwa mpaka bar 200. Mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito wa kilo 60 hivi na unabeba gesi kama kilo 10. Kwa kila kilo ya gesi, kilo sita za chuma. Mtungi wa gesi ya kupikia unatumia chuma cha kilo moja na ushei tu kwa kila kilo ya gesi. Gari lina injini ya kubeba mzigo huo na linajazwa kituoni kila mara, kwa hiyo gharama ya mtungi inarudi. Mama lishe anaubeba kichwani au kwa bodaboda.

Ruzuku ya mitungi ya kilo 6, ukiitazama kwa jicho hili, ni ruzuku ya chuma. Inamwondolea mnunuzi gharama ya mara moja, na ni jambo jema, lakini gesi ya kujaza tena inabaki kuwa juu yake mwenyewe. Mfugaji yuko kinyume chake: gesi anayo, na chuma hana haja nacho, maana kuba lake ni la matofali na saruji. Nadhani wapangaji wetu wanaweka fedha nyingi mno upande wa chuma na kidogo mno upande wa saruji, ilhali kituo cha CAMARTEC pale Arusha kimekuwa kikijenga na kufundisha mafundi wa makuba hayo tangu miaka ya 1980.

Hatari ya kompresa ya friji

Kompresa iliyotajwa kwenye andiko ilikuwa mpya, ya dukani. Lakini wapo wanaotumia kompresa ya friji mbovu, na hili lazima nilisemee.

Kompresa inavuta. Ikivuta kwa nguvu kuliko kuba linavyotoa, inanyonya na hewa kupitia kila kiungo kilicholegea. Methani ikichanganyika na hewa na kuwa kati ya asilimia 5 na 15, mchanganyiko huo unalipuka. Una mashine ya umeme yenye cheche na joto, na mtungi wa chuma uliojaa baruti ya hewa. Aidha, bayogesi ghafi ina unyevu, ina hewa ukaa, na ina ile gesi yenye harufu ya yai viza. Vitu hivyo vitatu vikikutana ndani ya mtungi vinatafuna chuma kutokea ndani, mahali ambapo rangi nzuri ya nje haionyeshi kitu.

Wenzetu wa Kenya wamelipia somo la karibu na hili. Usiku wa Februari 1, 2024 lori la gesi ya kupikia lililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye eneo la kujazia mitungi lililokuwa katikati ya makazi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya nchi hiyo, EPRA, ilisema maombi ya kibali cha eneo hilo yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023 kwa kutotimiza vigezo vya usalama. Hiyo ilikuwa gesi ya dukani, yenye mitungi iliyotengenezwa kiwandani.

Panapolipa

Sisemi bayogesi haiwezi kufungashwa. India ilianzisha mpango wake wa SATAT mwaka 2018, ambapo bayogesi husafishwa ikabaki karibu methani tupu, ikashindiliwa na kuuzwa kama mafuta ya magari. Hiyo ni mitambo ya viwanda, inayopokea tani kwa tani za taka kila siku, si samadi ya ng'ombe wanne. Hapa kwetu, mtambo wa taka za mkonge wa Hale, Tanga, ulitumia gesi yake kufua umeme pale pale ilipozalishwa. Aliyeubuni aliikwepa gharama ya chuma.

Kwa mfugaji mdogo mwenye lazima ya kuhifadhi, kuna mfuko. Mfuko mzito wa plastiki wa mita moja ya ujazo, usio na presha yoyote, unabeba lita 1,000. Karibu mara tisa ya ule mtungi wa bar 8. Ethiopia mifuko ya kubeba mgongoni imekuwa ikiuzwa, na jirani anakwenda kununua bayogesi kwa mwenye ng'ombe, anairudisha nyumbani, anaweka uzito juu ya mfuko na kupika kwa zaidi ya saa tatu. Ni mkubwa kama godoro la kulaliwa lililovimba, unachekesha ukiuona barabarani, na unataka kuwekwa mbali na moto, miiba na jua kali. Haufai kwa mteja aliye mbali. Kwa jirani wa nyumba ya tatu unafaa.

Njia nyingine ni kuitumia ziada bombani: kuchemsha maji ya kuoshea vyombo vya maziwa, au kuendesha injini ndogo ya kukatia majani. Maziwa yanayokataliwa kituoni kwa uchafu wa vyombo yana thamani kubwa kuliko kilo 11 za gesi kwa mwezi. Wao wenyewe walinipa hesabu za lita zilizorudishwa msimu wa mvua, nami sikuhitaji kuwashawishi zaidi.

Kikundi kimeandika andiko upya. Kompresa imetoka na mitungi 50 imetoka. Imeingia mifuko sita, mabomba, majiko ya kuchemshia maji na fundi wa kuziba nyufa za makuba mawili yaliyokuwa yakivuja. Bajeti haifiki robo ya ile ya kwanza. Ofisa mikopo aliyekuwa tayari kupokea andiko la mitungi, kwa kuwa mitungi inaweza kukamatwa na kuuzwa mkopo ukishindikana, hadi naandika makala hii alikuwa bado anawauliza mfuko uliotumika atamuuzia nani.