Barua pepe ya mtoto iko mkononi mwa nani?

TUNDUMA. Mama anayeuza mchele sokoni alifika steshenari saa mbili asubuhi, kijana wake aliyemaliza kidato cha sita akimfuata na bahasha ya vyeti. Walitaka kuendelea na maombi ya chuo. Kijana wa steshenari akaandika anwani ya barua pepe, akaweka neno la siri, likakubali. Kisha kompyuta ikauliza jambo ambalo haikuwahi kuuliza: weka namba iliyotumwa kwenye simu.

"Mama, hii laini inayoishia na 47 ni ya nani?"

Ilikuwa laini ya Zambia. Iliwekwa miaka mitatu nyuma, wakati mama ana wateja wengi Nakonde na laini ya ng'ambo ndiyo iliyokuwa hewani siku ile. Ilishapotea zamani. Kufungua barua pepe nyingine ni kazi ya dakika kumi, lakini maombi yalikuwa yameanza kwa anwani ile, na majibu ya chuo yalikuwa yanatumwa hukohuko.

Wazazi wengi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo watakutana na swali hilo kama hawajakutana nalo. Kompyuta haijaharibika. Kampuni zinazotoa huduma ya barua pepe zimekuwa zikibadilisha kufuli kidogo kidogo. Google ilileta uthibitisho wa hatua mbili mwaka 2011, ukawa hiari kwa miaka kumi. Mwaka 2021 ilianza kuwawekea watumiaji yenyewe, zaidi ya milioni 150, na Februari 2022 ikatangaza kuwa akaunti zinazovamiwa katika kundi hilo zimepungua kwa nusu. Mei 30, 2022 ikaanza kuzizuia programu za zamani zinazojua jina na neno la siri tu. Microsoft nayo ilifanya hivyo kwa Outlook na Hotmail za watu binafsi Septemba 16, 2024. Ndiyo maana simu ya zamani iliyokuwa inapokea barua vizuri, siku moja inakataa bila maelezo.

Sababu yenyewe haiko mbali na hapa. Karibu kila steshenari ina daftari kubwa kaunta, na ndani yake kuna anwani na maneno ya siri ya watoto wa mtaa mzima. Kijana anayeliandika hana nia mbaya, anajua mteja atarudi mwakani akiwa amesahau. Lakini daftari hilo linasomwa na kila anayekaa kwenye kiti kile, na ndani ya barua pepe ya mtoto kuna picha ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, namba za simu za nyumbani na wakati mwingine majibu ya vipimo. Neno la siri peke yake halitoshi kulinda vitu hivyo.

Tatizo la mpakani ni kwamba hatua ya pili inategemea laini, na laini za hapa zinabadilishwa kama kandambili. Laini ya Tanzania, tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa kwa kuzima laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, imefungwa na kitambulisho cha NIDA cha mwenyewe. Ikipotea, mwenye vidole anaenda kuirudisha. Ila iwe imesajiliwa kwa jina lake kweli, si la shemeji wala la wakala aliyekuwa na haraka. Piga *106# uone namba zilizo chini ya kitambulisho chako.

Kwa hiyo jioni moja, mtoto akiwa nyumbani na bando lipo, kaeni pamoja mfungue mipangilio ya akaunti. Wekeni laini ya Tanzania ya mzazi kuwa ya kurejeshea. Msingoje siku ya mwisho ya maombi, kwa sababu Google inaweza kuendelea kutumia namba ya zamani kwa siku saba baada ya mabadiliko. Angalieni orodha ya vifaa vilivyoingia na muiondoe kompyuta ya steshenari. Kisha chukueni namba za akiba: ni 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Ziandikeni kwenye karatasi, mziweke zinapokaa vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki. Kuzipiga picha na kuziacha kwenye simu hiyohiyo hakusaidii simu ikiibiwa.

Namba ya uthibitisho haitajwi kwa mtu anayepiga simu, hata akijiita wa bodi ya mikopo au wa chuo. Ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040.

Na mtoto aingie mara mojamoja. Tangu Desemba 2023 Google inafuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kuguswa, na barua pepe nyingi za wanafunzi hufunguliwa siku moja kisha zikasahauliwa.

Mzazi mwenye ofisi ya uwakala wa forodha na anwani yenye jina la kampuni yake ana kazi moja zaidi. Tapeli anaweza kumwandikia mteja wa Lubumbashi kwa anwani ya ofisi hiyo na kumpa akaunti nyingine ya benki. Mwulize fundi kama SPF, DKIM na DMARC zimewekwa. Ya kwanza ni orodha ya mitambo inayoruhusiwa kutuma kwa jina lako. Ya pili ni kama lakiri ya kontena, ikiguswa njiani inajulikana. Ya tatu inamwambia anayepokea afanye nini na mzigo usio na lakiri. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinazidai zote tatu kwa wanaotuma barua nyingi, na ofisi ndogo isiyo na hata moja itashangaa barua zake zikiishia kwenye taka.

Turudi steshenari. Kijana alikaa kimya, kisha akakumbuka: "Mama, mjomba wa Vwawa alinikopesha simu likizo ile. Sikuitoa akaunti."

Mjomba alipigiwa akiwa shambani. Akaambiwa akae na simu mkononi, asiguse kitu mpaka swali litokee. Likatokea. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anaapa mahakamani, kisha akabonyeza kwamba ndiyo, anayeingia ni mwenyewe.

Mama alilipia karatasi mbili za namba za akiba. Moja aliikunja ndani ya kitenge, ya pili ikaenda kwa bibi.