Aliye na Ufunguo Ndiye Mwenye Nyumba

MSOMAJI mpenzi, kama nyumbani kwako mna kompyuta na mna kijana aliyekwisha kubaleghe, hebu weka chini sufuria kwa dakika chache unisikilize. Haya yaliyomfika shoga yangu mmoja wa Buxton, kisiwani Mombasa, yanaweza kukufika nawe kabla jua la leo halijatua.

Shoga yangu huyu ni mama wa watoto watatu. Mumewe ni dereva wa malori ya Malaba, leo yupo kesho hayupo. Zamani walikaa katika zile nyumba kuukuu za baraza la mji pale Buxton, mpaka zilipobomolewa mwaka 2021 kupisha majumba mapya. Siku hizi wamepanga ghorofa ya tatu, si mbali na barabara iendayo Daraja la Nyali. Ana kompyuta ya mtumba ambayo ndiyo jembe lake: huchapa barua, wasifu wa wanaotafuta kazi na kadi za harusi.

Jumamosi moja alinipigia simu saa mbili asubuhi. "Shoga, njoo. Huyu mtoto ataniua."

Mtoto mwenyewe ni kifungua mimba wake, yuko kidato cha tatu. Mama alikuwa ameweka shilingi 6,200 kwenye simu, salio la karo. Alipotaka kuzituma shuleni alikuta zimebaki shilingi 140. Zilikuwa zimetoka usiku usiku, hamsini hapa, mia pale, zikienda kwenye mtandao mmoja wa kamari ya mpira. Kijana alikuwa akingoja mamake alale, anaichukua simu kando ya mto, na kubashiri matokeo kwenye kompyuta hadi alfajiri. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini sheria hailali sebuleni kwako, bwana!

Mama huyu si mtu wa kulia akatulia. Mteja wake mmoja alimwambia kwamba ndani ya kila kompyuta mna faili iitwayo hosts. Faili hiyo ni kama kitabu kidogo cha anwani ambacho mashine hukisoma kabla ya kuuliza njia nje. Ukiandika humo jina la mtandao usioutaka na kuupa anwani ya uongo, mashine itagonga mlango usiokuwako, na ule mtandao hautafunguka.

Akaitafuta mpaka akaipata. Akaibofya, ikafunguka. Akaandika alichoelekezwa. Alipotaka kuihifadhi, mashine ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Kompyuta ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu," alinieleza huku akipiga paja. "Leo yaniambia sina ruhusa! Hino ni kompyuta au ni askari wa geti?"

Naam, msomaji, swali lake lilikuwa na jibu ndani yake.

MTUNZA JUMBA NA FUNGUO ZAKE

Katika jumba lao yupo keyateka. Huyu ana ufunguo wa kila mlango, wa chumba cha mita za stima na wa tangi la maji juu ya paa. Mpangaji akipasukiwa na mfereji humwita. Hupanda, hurekebisha, hushuka. Hakuna mpangaji anayetaka keyateka ashinde chumbani kwake na shada la funguo mkononi, hata awe mwaminifu kama nini. Wala mpangaji mwenyewe hapewi ufunguo wa tangi, kwa kuwa akikosea yeye, jumba zima litakosa maji.

Kompyuta imejengwa vivyo hivyo. Wewe unayeandika barua ni mpangaji. Mafaili yaliyo chumbani mwako unayafungua na kuyafuta upendavyo. Lakini yapo yale yanayoendesha jumba zima, na hosts ni mojawapo. Kuyasoma unaweza, kuyabadili kunataka haki za msimamizi. Kwa hiyo mashine haikumdharau shoga yangu. Ilikuwa ikimuuliza: je, ni wewe mwenye nyumba kweli, au ni mtu aliyekalia kiti chake?

Wazo hili ni kongwe. Mnamo mwaka 1980 hivi, Bob Coggeshall na Cliff Spencer, katika chuo kikuu cha serikali pale Buffalo, jimbo la New York, walitunga programu ndogo iitwayo sudo. Kazi yake ni kumkopesha mtu wa kawaida nguvu za msimamizi kwa amri moja, kisha kuzirudisha. Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambao jina lake ni ndugu wa neno letu utu, uliifuata njia hiyo: akaunti ya mkuu wa wakuu hufungwa tangu siku ya kwanza, na msimamizi huazima nguvu kwa kutaja neno lake la siri. Nao Windows, tangu ule wa Vista uliotoka mwaka 2007, umekuwa ukisimama kuuliza kabla ya kuruhusu jambo zito.

KIJANA WA MTAA

Kompyuta ya shoga yangu inatumia Ubuntu wa mwaka 2018, kwa kuwa haulipiwi leseni. Basi alimwita kijana wa mtaa anayesifika kwa ujuzi. Kijana alikuja na maelekezo ya zamani, ya kutumia programu iitwayo gksu ambayo ilikuwa ikifungua dirisha lolote kwa nguvu za msimamizi. Hakuipata, kwani iliondolewa katika Ubuntu mwaka huo huo wa 2018, baada ya watengenezaji kuona kwamba ni hatari kuliko faida.

Kijana hakujiuliza kwa nini iliondolewa. Alifungua lile dirisha jeusi la amri, akauliza neno la siri, akapewa, na akawasha programu nzima ya kutazama mafaili kwa nguvu za msimamizi. Kila mlango ukawa wazi. Akaandika mstari wake kwenye hosts, akahifadhi, akalipwa shilingi 300, akaenda zake.

Asubuhi yake mama akaiwasha mashine. Akaandika neno la siri. Skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ikarudi pale pale pa kuuliza neno la siri. Akarudia mara kumi. Haikusema amekosea, wala haikumfungulia.

Kisa chake ni hiki. Programu yenye madirisha haifanyi jambo moja tu. Ikiwa wazi huandika vifaili vingi vidogo vya kumbukumbu zake, vingine vimefichwa, ndani ya chumba cha mpangaji. Ikiandika kwa nguvu za msimamizi, kifaili kinaweza kubadilika mwenyewe kikawa mali ya msimamizi. Kesho yake mpangaji akija, anakuta kufuli la chumba chake mwenyewe si lake tena. Ilimchukua fundi siku nne kuvirudisha vifaili hivyo kwa mwenyewe, na katika siku hizo nne kadi za harusi mia mbili zilichapwa kwingine.

Mashine ilipopona, mama alikwenda mbio kuutazama ule mtandao wa kamari. Ulifunguka vizuri kabisa. Mstari aliouandika kijana wa mtaa haukuwapo tena. Hapo ndipo aliponipigia simu, akiamini fundi ameufuta.

NJIA ILIYO SALAMA

Kwanza nilimwonyesha namna ya kuifungua faili bila kuiweka nyumba rehani. Kama una Ubuntu au mfumo wa jamii yake unaotumia madirisha ya GNOME, fanya hivi.

Fungua dirisha la mafaili kama kawaida. Shika kitufe cha Ctrl pamoja na L, mahali pa kuandika anwani patatokea juu. Andika admin:///etc kisha ubonyeze Enter. Utaulizwa neno la siri. Likikubaliwa, tafuta faili ya hosts, na kabla ya kuigusa weka nakala yake pembeni. Kisha ibofye ifunguke. Usiguse mistari iliyomo. Nenda mwisho, andika 0.0.0.0, acha nafasi, halafu jina la mtandao usioutaka. Mstari wa pili urudie jina hilo likiwa na www na nukta mbele yake. Hifadhi. Funga faili, na lile dirisha nalo ulifunge, maana likibaki wazi ni keyateka aliyesahauliwa chumbani.

Tofauti ya njia hii na ile ya kijana wa mtaa ni kwamba hapa programu ya kuandikia hubaki mtu wa kawaida. Kinachopewa nguvu ni kile kitendo cha kusoma na kuhifadhi faili mahali palipokatazwa. Vile vifaili vya siri vya chumbani haviguswi.

Wewe wa Windows, itafute Notepad, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uchague kuiendesha kama msimamizi. Ukiwa ndani ya Notepad ndipo uifungue hosts, iliyo katika folda ya etc, ndani ya drivers, ndani ya System32, ndani ya Windows. Usisahau kuamuru mafaili ya aina zote yaonyeshwe, la sivyo hutaiona. Ukimaliza, funga.

Na mfumo wako uwe unasasishwa. Januari mwaka 2022 wataalamu wa kampuni ya Qualys walitangaza kasoro katika pkexec, mmoja wa mabawabu wanaokopesha nguvu hizi kwenye Linux. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu mwaka 2009, na ilimwezesha mtumiaji yeyote wa kawaida kujifanya msimamizi bila kuulizwa neno la siri. Bawabu naye husinzia.

NANI ALIYEUFUTA?

Tulipofika mahali pa kuulizwa neno la siri, nilimtazama shoga yangu nikamwambia aandike. Akaandika huku akilitamka kwa sauti: jina la timu ya mpira ya Uingereza.

"Nani alilichagua?" nikauliza.

"Mwanangu. Tulipoileta ndiye aliyeiwasha, ndiye ajuaye mambo haya. Sote twalijua, hata huyu mdogo wa darasa la nne."

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Msomaji, katika Ubuntu mtu wa kwanza kuandikishwa siku mashine inapowekwa ndiye anayepewa usimamizi. Nyumba nzima ilikuwa ikiingia kwa akaunti hiyo moja na neno hilo moja. Mama alikuwa na ufunguo wa jumba mkononi muda wote bila kujua kuwa ndio huo, na mwanawe alikuwa nao akijua.

Akamwita. Kijana akaja, akasimama mlangoni, macho chini.

"Ule mstari, ni wewe uliyeufuta?"

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

"Usiku ule ule mashine ilipotoka kwa fundi." Kisha akaongeza, kwa sauti iliyokuwa karibu kukatika, "Nilitaka nizirudishe, mama. Nilidhani nikishinda moja tu nitazirudisha zote."

Nilitarajia kofi. Halikuja. Mama alimsogezea kiti. "Keti. Tutaurudisha huo mstari, na mwenye kuuandika ni wewe."

Basi tulifanya hivi. Mama alitunga neno la siri jipya peke yake, mimi na kijana tukiwa jikoni. Kisha akafungua mipangilio, sehemu ya watumiaji, akamwandikisha mwanawe kama mtumiaji wa kawaida, asiye msimamizi. Mwana akaingia chumbani mwake kipya, akaitafuta hosts, akaifungua, akajaribu kuhifadhi. Mashine ikamtaka msimamizi. Mama akainama, akaandika neno lake, na kijana akauandika mstari ule kwa mkono wake mwenyewe. Tukafunga dirisha.

Alibadili pia namba ya siri ya simu, na kusema kweli hilo ndilo lingefanywa kwanza, kwani pesa zilipitia huko. Kompyuta nayo ikahamishwa, ikawekwa ukutani sebuleni mahali ambapo kila apitaye huiona skrini.

Nisikudanganye lakini. Ukuta wa hosts ni mfupi. Kamari hubadili majina ya mitandao yake, simu ya rafiki haisomi faili ya kompyuta yako, na mtu stadi akiachwa peke yake na mashine usiku kucha atapata dirisha la kurukia. Hakuna faili itakayokulelea mtoto. Faida niliyoiona mimi siku ile ni kwamba kwa mara ya kwanza mama na mwana walikaa mbele ya mashine moja, kila mmoja akijua mahali pake.

Swali langu la wiki hii ni jepesi. Hiyo kompyuta iliyo kwenu, nani msimamizi wake? Kama hujui, basi si wewe. Fungua sehemu ya watumiaji leo hii, utazame jina lililoandikwa hapo. Na ukishaushika ufunguo, usitembee nao shingoni siku nzima. Utoe kwa kazi yake, kisha uurudishe mahali pake.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.