Tuwaiteje Waishio Mlango kwa Mlango?

Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Tulikuwa tukizisahihisha darasani insha kuhusu amani, na karibu kila mmoja alikuwa ameandika kwamba Wakenya hawana budi kutangamana. Akainua mkono. "Mwalimu, wale ambao hawatangamani lakini pia hawapigani, tuwaiteje?"

Tulijaribu maneno kadhaa. Kuchanganyika hakufai, kwani sukari ikishachanganyika na chai hairudi tena kuwa sukari. Kupakana ni kwa mashamba na nchi. Kuvumiliana nilikukataa mimi mwenyewe, maana anayekuvumilia huwa angependa uondoke. Kijana mmoja akapendekeza githeri, darasa likacheka. Nikamwuliza ni nani aliyeushika mwiko, na kama mahindi yaliulizwa iwapo yanataka kuchemshwa.

Huenda msomaji akadhani huu ni mchezo wa walimu wa lugha. Sivyo. Baada ya ghasia za mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, zilizowaua watu zaidi ya 1,100, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 2008 iliyounda tume ambayo kwa Kiswahili hutajwa kwa maneno mawili: uwiano na utangamano. Neno la pili ndilo lililopendwa majukwaani. Limegeuka kipimo, hata jamii inayooana yenyewe kwa yenyewe na kusema lugha yake nyumbani huonekana kana kwamba imekataa amani.

Mwishoni mwa Januari 2008 nilikuwa nimepanga Nakuru, katika ploti ya vyumba kumi vyenye bomba moja la maji. Jirani yangu alikuwa mzee fundi wa viatu. Kwa miaka minne hatukuwahi kula sahani moja. Tulisalimiana asubuhi na jioni, yeye akaenda kanisani kwake nami kwangu, na lugha yake siijui hadi leo. Alipofiwa na mkewe, ploti nzima ilichanga, nami nikasaidia kubeba jeneza. Vijana walipoligonga lango usiku, wakiuliza vyumba vya watu wa kabila langu, ni yeye aliyetoka. Akawaambia hayupo hata mmoja. Kulipopambazuka nilimkaribisha chai, akakataa. "Mlinizikia mke wangu," akasema, akarudi chumbani mwake.

Je, mimi na mzee yule tulikuwa tumetangamana? Yeyote anayejua uzito wa neno hilo, uliobeba mazoea na ushirika wa karibu, atasema hapana. Lakini niko hai.

Ndiposa nimelirudia lile neno jingine, uwiano, ambalo twalipita haraka mno. Walimu wa hesabu wanalijua vizuri kuliko sisi. Uwiano wa 2:3 ni tarakimu mbili zinazosimama kando kwa kando, nuktambili katikati, bila ya kujumlishwa. Mbili hubaki mbili na tatu hubaki tatu, lakini ukiigusa moja peke yake, uwiano wote umebadilika.

Katika lugha, neno hili lina mzizi wa kale unaostahili kuchimbuliwa. Kumwia mtu ni kumdai. Kuwiwa ni kudaiwa, na aliyesoma maandiko ya zamani amekutana na "nawiwa" mara nyingi. Ukilitazama kwa jicho hilo, kuwiana ni kudaiana. Sisemi kwamba walioitafsiri sheria ile walikuwa na maana hii akilini. Yamkini walitafuta tu neno lenye heshima. Bali mzee wa Nakuru angelielewa mara moja, kwa kuwa hakunitetea kwa sababu ya mapenzi. Alikuwa akilipa deni.

Mji wa Mombasa una mfano wa zamani zaidi. Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa huko, hayakuyeyuka kuwa moja. Matatu yalikuwa upande huu na tisa upande ule, kila upande na kiongozi wake aliyeitwa tamim. Waligombana, tena sana, lakini hakuna aliyeambiwa aache taifa lake ndipo awe mtu wa Mombasa.

Kinyume chake ni Wamakonde wa Kwale. Hao walitangamana na wenyeji kwa miongo mingi, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakaoa na kuolewa. Wakabaki bila vitambulisho, na Oktoba 2016 wakafunga safari ya miguu hadi Nairobi kuvidai. Majirani waliwapokea zamani, ila serikali haikujihesabu kuwa yawiwa nao chochote. Utangamano walikuwa nao tele, na haukuwapa hata haki ya kupiga kura.

Jumatatu nitamrudishia yule mwanafunzi insha yake. Pale alipoandika "kutangamana" sikulikata neno, ila nimepiga mstari chini yake na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: Unamwia nani mtaani kwenu, na ni nani anayekuwia wewe?